Takwimu za darasani tunafaulu, data za msituni zinatushinda: kasoro iko wapi?

Mvule_Masindi
Salaam wakuu. Namalizia uzamili wa mazingira na maliasili, na kuna jambo linanikera siku nyingi. Darasa letu zima lilifaulu somo la takwimu. Jaribio la t tulikokotoa kwa mkono, khi-mraba tukaimaliza, mtihani ukapita. Halafu kila mtu akashika njia yake kukusanya data: huyu msitu wa Budongo, yule Ziwa Victoria, mwingine kwenye vinamasi vya Kampala. Tuliporudi, kutwa tunaulizana, "Sasa hizi namba nizifanyeje?" Wapo waliolipa watu wawachambulie, na siku ya kutetea tasnifu wakashindwa kueleza jedwali lao wenyewe.

Mimi nasema kosa ni la mifano tunayofundishiwa. Kila safu imejaa, hakuna ploti (kipande cha ardhi cha kupimia) iliyofurika wala mtu aliyeng'oa kipima mvua. Wenzangu mnaonaje?

Kasuku256
Hesabu tu. Wengi walichagua mazingira ili kuzikwepa hesabu, hesabu zikawangoja mlangoni.

Nalongo_Ggaba
Kasuku mdogo wangu, mimi hesabu nilizipenda tangu shule na bado nilikwama. Nilichukua sampuli za maji Ghuba ya Murchison, Ziwa Victoria, kuanzia pale mfereji wa Nakivubo unapomwaga hadi upande wa Ggaba ambako maji ya bomba ya Kampala yanavutwa. Nikapeleka maabara. Majibu yaliporudi, zaidi ya nusu ya visanduku havikuwa na namba, vimeandikwa "chini ya kiwango cha kugundulika". Msimamizi wa kwanza akasema weka sifuri. Wa pili akasema weka nusu ya kiwango. Mtu wa maabara akasema zifute. Katika kozi nzima hakuna aliyewahi kututajia kwamba jibu linaweza kurudi likiwa hivyo. Uniambie hapo hesabu imenikosea wapi.

MzeeIddi_Bombo
Nalongo, hatimaye uliweka ipi?

Nalongo_Ggaba
Nusu, Mzee. Niliambiwa ndiyo itakayopita.

MzeeIddi_Bombo
Basi tuiweke mezani vijana waone, kwa mfano wa kufikirika. Sampuli ni 10, na kifaa cha maabara hakioni chini ya miligramu 0.05 kwa lita. Sita zimerudi "chini ya kiwango". Nne zina namba: 0.06, 0.07, 0.09 na 0.40.

Ukiweka sifuri, wastani ni 0.062. Ukiweka nusu, ni 0.077. Ukiweka kiwango chenyewe, ni 0.092. Ukizifuta zile sita, ni 0.155. Maji ni yale yale, wastani umekuwa minne. Na tuseme kikomo kinachoruhusiwa ni 0.1: aliyefuta atakishtaki kiwanda, wale wengine watatu watakiacha kiendelee.

Njia isiyobuni namba ipo. Zipange kwa ukubwa, utaona mediani, yaani thamani ya katikati, iko chini ya 0.05, na hilo ni kweli uweke chochote kile. Ukihitaji wastani kwa lazima, zipo mbinu zilizotoka kwenye utafiti wa tiba, kama ile ya Kaplan na Meier, ambayo ilitungwa kwa wagonjwa ambao utafiti unakwisha wakiwa bado hai. Hujui mwisho wao, ila unajua wamefika hadi hapo. Sampuli yako nayo hujui thamani yake, ila unajua haivuki 0.05. Mwanatakwimu Dennis Helsel wa Marekani ameipinga hiyo desturi ya nusu kwa miaka mingi.

Kasuku256
Shikamoo Mzee Iddi. Sasa hayo yote uliyoandika si hesabu?

MzeeIddi_Bombo
Marahaba. Kujumlisha na kugawanya kwa kumi kijana anayeuza roleksi (chapati ya mayai) hapa stendi anakuzidi. Nalongo alikosa mtu wa kumwambia swali lenyewe lipo.

AruaKompyuta
Mimi nalaumu programu. SPSS unabofya mara mbili, inakumwagia majedwali kumi, na mwanafunzi anachagua lile lenye nyota, alama kwamba tofauti si ya bahati tu. Chuo kihamie R moja kwa moja. Ni ya bure, wameitengeneza Waaustralia, haihitaji leseni ya kuibia, na laptopu ya zamani inaiendesha vizuri.

Dada_Nasra
Aliyenitangulia, R ilizaliwa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand. Ross Ihaka na Robert Gentleman waliianza mwanzoni mwa miaka ya 1990, na toleo la 1.0.0 likatoka Februari 2000.

Kwa hoja yenyewe nakuunga mkono nusu. Uzuri wa R ni kwamba kila hatua imeandikwa; msimamizi anaweza kusoma ulichofanya na kukuuliza kwa nini mstari wa 14 umefuta ploti mbili. Lakini nafundisha vikundi vya wanafunzi hapa Kampala, na wengi wananakili msimbo wa mtu mwingine neno kwa neno kama walivyokuwa wakibofya. Hata jina la mto linabaki la yule mwingine.

AruaKompyuta
Sawa, New Zealand. Ila bei ni ile ile 😀

Hojaji_Busia
Mnazungumzia uchambuzi, mimi nilishindwa kabla ya hapo. Nilitaka kupima kaboni kwenye miti ya mashamba ya wakulima. Nikaambiwa lazima sampuli iwe 384, "kwa sababu jedwali la Krejcie na Morgan linasema hivyo". Miti 384? Mashamba 384? Ploti 384? Hakuna aliyenijibu. Nikaandika 384 kwenye pendekezo, likapita.

Mvule_Masindi
Hiyo 384 iko kwenye tasnifu zote za maktaba yetu! Na asiyeitumia amechukua fomula ya Yamane, nayo ya ukubwa wa sampuli.

Dada_Nasra
Hilo jedwali ni la mwaka 1970, lilichapishwa kwenye jarida la vipimo vya elimu na saikolojia. Lilitengenezwa kwa mtu anayeuliza watu swali la ndiyo au hapana na kutafuta asilimia. 384 inatoka hapa: 1.96 kipeo cha pili, mara 0.5, mara 0.5, gawanya kwa 0.05 kipeo cha pili. Jibu ni 384.16. 1.96 ni ya uhakika wa asilimia 95, hizo 0.5 ni dhana kwamba nusu wanasema ndiyo na nusu hapana, na 0.05 ni ukingo wa kosa wa asilimia tano. Tena inadai uwe umewachagua watu kwa nasibu, mmoja mmoja, kutoka orodha kamili.

Kipenyo cha mti si ndiyo wala hapana. Kinachoamua ukubwa wa sampuli ya kaboni ni jinsi miti inavyotofautiana, na hilo unalijua kwa kwenda kupima ploti chache za majaribio kwanza. Mashamba yakifanana sana, ploti 40 zinaweza kutosha. Yakiwa shamba hili kahawa tupu na lile lina mivule mitatu mikubwa, hata 384 hazitakufikisha.

Hojaji_Busia
Asante dada. Natamani ungekuwa kwenye lile jopo.

Kyeyune_Misitu
Naomba nimrudie Mvule aliyeanzisha uzi. Kaka, ulipima nini Budongo, na ploti ulizipangaje?

Mvule_Masindi
Miche ya mahogani. Ploti 20 kwenye kitalu (sehemu moja ya msitu) kilichovunwa mbao zamani, 20 kwenye kitalu ambacho hakijavunwa. Nimefanya jaribio la t, thamani ya p, yaani uwezekano wa kupata tofauti kubwa hivi kwa bahati tu, iko chini ya 0.05.

Kyeyune_Misitu
Hapo ndipo penye mgogoro. Una ploti 40, lakini vitalu ni viwili tu. Ploti 20 za kitalu kimoja zina udongo ule ule, mvua ile ile, tembo wale wale waliopita enzi hizo. Ulicholinganisha ni kitalu A na kitalu B, na kila upande sampuli ni moja. Mwanaikolojia Hurlbert aliliandikia hili mwaka 1984, akaonyesha kwamba majaribio mengi ya ikolojia yaliyochapishwa yalikuwa na kasoro hiyo hiyo. Namba zako zinasema vitalu hivi viwili vinatofautiana. Kama sababu ni uvunaji, zimenyamaza.

Mvule_Masindi
Mkuu, nakuelewa, ila vitalu vingine vilivyovunwa viko mbali, na mwenye gari ni mradi, si mimi. Nauli ya boda, chakula cha wasaidizi wawili na mlinzi wa msitu, yote mfukoni mwangu. Nikigawa ploti zangu kwenye vitalu sita napata ploti sita au saba kila kimoja. Si zitaonekana chache mno?

Kyeyune_Misitu
Sita kwa vitalu sita zina nguvu kuliko ishirini kwa viwili, kwa swali lako. Ishirini zinakupa picha safi ya kitalu kimoja, na swali lako ni la uvunaji.

NyaniwaKibale
Mimi siafiki ukali huo. Mtaalamu wa misitu Eggeling alipima ploti zake Budongo miaka ya 1930 na 1940, bila kubahatisha chochote kwenye kompyuta, akachapisha mwaka 1947. Ploti zile ni chache, na kila moja alidhani inawakilisha hatua ya msitu unavyokua. Mwanaikolojia Joseph Connell akazichukua mwaka 1978 kujenga hoja yake kwamba spishi huwa nyingi zaidi pale msumbuko, kama miti kuanguka, unapokuwa wa wastani. Dunia nzima inasoma Budongo kwa ajili hiyo. Kama tungemwambia Eggeling "sampuli yako ni moja, rudi nyumbani", leo tungekuwa na nini? Mvule aandike wazi kwamba matokeo yake ni ya vitalu viwili, basi, kazi ina thamani.

Kyeyune_Misitu
Nyani, uko sawa kuhusu thamani. Lakini hoja ya Connell imepingwa sana tangu wakati huo, na ploti za Budongo zimerudiwa kupimwa miaka mingi baadaye hasa kwa sababu hatua za ukuaji zilikisiwa kwa kulinganisha sehemu na sehemu. Anayekisia wakati kwa kutumia nafasi ana deni.

NyaniwaKibale
Deni analo, na analilipa kwa kusema ukweli kwenye sura ya mbinu. Sioni haja ya kufuta.

MzeeIddi_Bombo
Hapa ndipo ninapoona mzizi. Takwimu tunazofundisha mwaka wa kwanza zilikuzwa na mwanatakwimu Fisher pale Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo Uingereza, kuanzia 1919, shambani. Yule aliweza kuchukua vipande vya ardhi, akapiga kura: hiki kipate mbolea, hiki kisipate. Kura ndiyo inayoipa thamani ya p maana yake. Mvule hawezi kupiga kura ni kitalu gani kivunwe. Waliovuna walichagua penye miti minono na pafikikapo. Mwanafunzi wa kilimo akitoka darasani anakuta shamba linalofanana na kitabu. Wa mazingira anakuta ulimwengu uliokwisha kupangwa na wengine. Tunawapa wote somo moja, chumba kimoja.

Kasuku256
Mzee, hapo umenigusa. Lakini mbona wanaohesabu wanyama wanaweza? Nao hawapigi kura tembo akae wapi.

NyaniwaKibale
Wanapiga kura mahali pa kupita, Kasuku. Tembo anakaa anapotaka, ndege inapita kwenye mistari iliyochaguliwa kwa nasibu. Tena mbinu hiyo ina asili ya huku kwetu: mtaalamu Jolly aliandika namna ya kukokotoa hesabu za wanyama kutoka angani mwaka 1969, kwenye jarida la kilimo na misitu la Afrika Mashariki. Mistari haina urefu sawa kwa sababu mpaka wa hifadhi umepinda, kwa hiyo unagawanya wanyama wote kwa eneo lote lililopitiwa, kisha unazidisha kwa eneo la hifadhi. Ukikokotoa msongamano wa kila mstari halafu ukatafuta wastani wa hizo, mstari mfupi uliokuta kundi moja la nyati utakuharibia hesabu yote.

Na gorila wa Bwindi? Sensa ya 2018 ilipata 459 kwa Bwindi na Sarambwe upande wa Kongo. Hawakuwahesabu kwa macho kama abiria wa taksi. Timu zilipita msitu wote mara mbili, zikikusanya kinyesi kwenye viota, maabara ikatambua kila mmoja kwa vinasaba. Waliopatikana mara zote mbili, na waliopatikana mara moja tu, ndio wanaokuambia wangapi hukuwaona kabisa.

Mama_Kigumba
Naomba mnieleze hiyo ya mwisho kwa lugha nyepesi. Binti yangu yuko mwaka wa pili, ananiuliza na mimi ni mwalimu wa msingi.

Dada_Nasra
Mama, mwambie afanye kwa maharagwe. Achote 40 kutoka kwenye sufuria, ayatie alama, ayarudishe, achanganye vizuri. Achote tena 50. Tuseme 10 yana alama. Maana yake moja ya tano ya alichochota kina alama, kwa hiyo yale 40 ni kama moja ya tano ya sufuria. Sufuria ina kama maharagwe 200. Kisha arudie bila kuchanganya, achote juu juu tu, aone jibu linavyoharibika. Hapo ataelewa masharti ya mbinu vizuri kuliko kwa mhadhara wowote.

Mama_Kigumba
Mungu akubariki mwanangu. Tunafanya leo jioni kabla hayajapikwa.

Karani_Masese
Habari zenu wasomi. Mimi sina shahada, nimeandika mizani ya samaki kwenye mialo ya Jinja miaka mingi. Nimesoma uzi wote na hakuna aliyemtaja karani. Sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi. Mvuvi akiniona na ubao wa kupimia, wale wadogo hawafiki mbele yangu. Wanashuka usiku au mwalo mwingine. Kwa hiyo kwenye daftari langu sangara wanaanzia 50 na kuendelea, na mwanafunzi anakuja kutoka Kampala anachora grafu, anasema samaki wa ziwa ni wakubwa, wako salama. Grafu yake ni nzuri. Ila inaonyesha samaki waliokubali kupita kwa karani.

Kyeyune_Misitu
Karani, huu ndio ujumbe bora wa uzi huu.

Nalongo_Ggaba
Kweli kabisa. Na ndiyo maana watafiti wa ziwa wanapima pia kwa mawimbi ya sauti kutoka kwenye meli, mbali na kupima mialoni. Sauti haiogopi faini.

Karani_Masese
Ndiyo mama, nimewaona. Lakini sauti nayo haimtofautishi vizuri mukene (dagaa) na furu wakiwa wamechanganyika. Wanashusha nyavu kuhakikisha.

AruaKompyuta
Wakuu, niongeze la ziwa. Mwaka 2020 maji yalipojaa mpaka hoteli za ufukweni zikafurika, rafiki yangu alichukua vipimo vya Jinja, akachora mstari wa rigresheni (mstari mmoja ulionyooka kupita katikati ya namba) kwa miaka yote, akasema ziwa linapanda na halijawahi kufika hapo hata siku moja.

Karani_Masese
Mwambie mwaka 1964 lilifika mita 13.41 kwa kipimo cha Jinja. Mwaka 2020 lilifika 13.42. Sentimita moja. Wazee wa hapa wanakumbuka vizuri.

Dada_Nasra
Na mstari ulionyooka haufai kwa ziwa hilo. Vipimo vya ziwa vinaanzia 1896. Kwa miaka mingi maji yalikuwa chini, kisha mvua za mwishoni mwa 1961 zikayainua ghafla, na ndani ya miaka michache yakawa yamepanda zaidi ya mita mbili. Ile ni ngazi. Ukiilazimisha iwe mstari utapata mteremko wenye nyota tatu ambao hauelezi mwaka wowote.

Jambo la pili: kipimo cha Machi kinafanana na cha Februari kwa sababu ni maji yale yale. Vipimo 1,400 vya miezi si ushahidi 1,400 unaojitegemea. Programu haijui hilo usipoiambia, inakupa p ndogo ajabu.

AruaKompyuta
Lakini kuna bwawa. Tangu Owen Falls ifunguliwe mwaka 1954 maji yanatoka kwa kupimiwa. Yaliposhuka 2004 hadi 2006 wengine walisema ukame, wengine wakasema mitambo imefunguliwa kupita makubaliano. Takwimu zitatenganishaje?

MzeeIddi_Bombo
Kwa hesabu ya mizania ya maji: mvua juu ya ziwa, mito inayoingia, mvuke, na kinachotoka Jinja. Ziwa ni pana mno, kama kilomita za mraba 68,800, kwa hiyo mvua na mvuke ndivyo vinavyotawala, na vyote viwili ni vigumu kupima katikati ya maji. Kosa dogo la mvuke linaweza kumeza bwawa zima.

Kasuku256
Kwa hiyo hatujui?

MzeeIddi_Bombo
Waliochambua wanasema vyote viwili vilichangia. Wanabishana kwa kiasi gani.

Mvule_Masindi
Narudi kwenye miche. Dada Nasra, kuna lingine. Ploti nyingi hazina mche hata mmoja, chache zina rundo. Nikichukua logi (logarithimu) kama tulivyofundishwa, sifuri hazina logi. Nimeambiwa niongeze moja kwa kila namba.

Dada_Nasra
Usiongeze. Tazama mfano huu: 0, 0, 1, 0, 14, 0, 2, 0, 0, 23. Wastani ni 4, lakini hakuna ploti hata moja yenye miche minne wala karibu yake. Varianzi, kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika, ni 63. Kama miche ingetawanyika kwa nasibu, varianzi ingekaribia wastani, yaani 4 hivi. Hiyo 63 ni habari yenyewe ya msitu: miche iko chini ya mti mama, au penye upenyo wa jua. Tumia modeli ya namba za kuhesabu inayoruhusu mrundikano, ile ya binomia hasi, na uweke kitalu kama kundi. Ukiwa na vitalu viwili tu kundi halitakadirika vizuri, kwa hiyo Kyeyune bado anakudai.

NyaniwaKibale
Na umbali wa mti mama uliupima?

Mvule_Masindi
Nina GPS ya kila ploti, na miti mikubwa ya mahogani niliiwekea alama.

NyaniwaKibale
Basi una tasnifu nyingine humo ndani. Acha kulinganisha vitalu, uliza miche inategemeaje umbali na mwanga. Kwa swali hilo ploti 40 zinaanza kuwa 40.

Kyeyune_Misitu
Zinaanza, hazijafika. Ploti jirani bado zinafanana. Chora mabaki ya modeli (tofauti kati ya ulichopima na ilichotabiri) kwenye ramani kwanza, halafu kokotoa kipimo cha Moran, kinachoonyesha kama majirani wanafanana. Lakini mwelekeo huo naukubali.

Hojaji_Busia
Jamani, kwa tusio na data bado tufanyie mazoezi wapi? Za ofisini barua inazunguka mpaka muhula unaisha.

AruaKompyuta
GBIF wana kumbukumbu za spishi bure, Uganda imo. Mvua chukua CHIRPS, inaanzia 1981. Upotevu wa miti tazama Global Forest Watch, kuanzia 2001.

Kyeyune_Misitu
Ya misitu kuwa mwangalifu. Kwa takwimu za taifa misitu ilikuwa asilimia 24 ya nchi kavu mwaka 1990 na kama 9 mwaka 2015. Satelaiti inayohesabu kivuli cha miti itahesabu na mikalitusi ya mtu na hata maembe. Soma maana ya "msitu" kabla hujalinganisha.

Nalongo_Ggaba
Mzee Iddi, nimefuata ushauri, nimepanga upya data zangu za ghuba. Mediani imetoka vizuri. Ila nimegundua maabara ilibadilisha kifaa katikati: miezi ya mwanzo kiwango kilikuwa 0.05, baadaye 0.01. Sampuli iliyoandikwa "chini ya 0.05" naipanga juu au chini ya iliyopata 0.03?